Mizabibu: baridi yetu iko kwenye mkasi

Barua za mwezi huu zimejaa maswali ya kupogoa mizabibu, na nusu yake zinauliza jambo lilelile. Nianze na hilo.

Nimeona video ya Ufaransa ikisema tupogoe Januari. Nifanye hivyo huku Kitengela?

Hapana! Kila mwaka kuna mtu anayekata mashada yakikaribia kuiva kwa sababu ya video kama hizo. Januari ya Ufaransa ni baridi kali; mzabibu umepukutisha majani na umelala. Wa kwetu haulali. Ukiuacha utachipua ovyo, na utakuta maua, zabibu changa na mbivu kwenye mti mmoja. Wa kuulaza ni wewe.

Hesabu ukirudi nyuma. Unataka ziive kwenye jua la Januari na Februari, na katika miinuko yetu ni takriban miezi mitano tangu kukata hadi kuvuna. Basi pogoa katikati ya Agosti, kukiwa kukavu. Punguza maji wiki tatu au nne kabla, na wiki moja kabla ng'oa majani yote kwa mkono. Maua yatakutana na mvua za vuli, kwa hiyo anza kunyunyizia salfa, dawa ya kuvu, machipukizi yakiwa na urefu wa kiganja, usisubiri uone unga mweupe wa ugonjwa. Ukishavuna, pogoa tena mwisho wa Februari ili masika yakujengee matawi mapya. Wakulima wa Maharashtra, India, nao hupogoa mara mbili: Aprili kwa matawi, Oktoba kwa matunda.

Nibakishe macho mangapi?

Hukutaja aina, na bila aina jibu lolote ni la kubahatisha. Aina nyingi huzaa kwenye macho ya chini (macho ni vifundo vinavyotoa machipukizi), kwa hiyo acha visiki, yaani vipande vifupi vya tawi, vya macho mawili, vikiachana kiasi cha upana wa kiganja. Thompson Seedless haizai chini: ukiikata fupi utavuna majani. Hiyo iachie tawi la macho 8 hadi 10, na karibu na shina uache kisiki cha macho mawili kitakachotoa tawi la msimu ujao. Tawi lenyewe liwe la msimu uliopita, la kahawia, nene kama penseli. Tawi kongwe lenye maganda halitoi matunda.

Tawi refu likisimama wima, macho ya kileleni huchipua na ya katikati hulala. Liinamishe, ncha ishuke kidogo chini ya usawa, ulifunge kwenye waya.

Kama hujui mzabibu una nguvu kiasi gani, pima ulichokata: kila kilo moja ya matawi, macho 30 hadi 40 yabaki. Kubakisha mengi kwa uroho kunakupa mashada mengi madogo yasiyo na sukari.

Maji yanadondoka penye jeraha. Nizibe kwa udongo?

Acha yadondoke. Udongo ndio utakaoleta ugonjwa.

Mfanyakazi anatumia panga, anasema ni haraka zaidi.

Mnyang'anye. Panga hupasua mti, na kwenye ufa ndipo kuvu wa kuozesha shina huingia. Dalili huonekana miaka kadhaa baadaye, tawi kuu zima likifa. Tumia mkasi mkali, ukate sentimita moja au mbili juu ya jicho, mteremko uelekee mbali nalo. Tawi nene likate kwa msumeno, na uache kipande kirefu kama unene wake, kwa sababu jeraha hukauka kuelekea ndani. Futa mkasi kwa spiriti kila unapohamia mti mwingine. Jeraha kubwa lipake rangi ya maji iliyochanganywa na kopa (dawa ya kuvu yenye shaba) siku hiyohiyo. Mvua ikinyesha, usikate.

Nimeuziwa dawa ya kuamsha macho. Ni salama?

Kama ni ya haidrojeni sayanamaidi, si salama. Huunguza ngozi, na anayekunywa pombe siku zilizo karibu na kuinyunyizia huugua vibaya. Kwa mizabibu kumi ya nyuma ya nyumba, irudishe dukani, inamisha matawi.

Niko Limuru, zabibu zinaoza kila mwaka.

Ukungu na manyunyu hayo hayatibiki kwa mkasi. Panda plamu.

Mche wangu una mwaka mmoja na umefika paani. Nauonea huruma.

Ukate ubaki na macho mawili. Mwaka huu unajenga mizizi. Chipukizi lenye nguvu zaidi lifunge kwenye mti ulionyooka, jingine ling'oe.