Sugu za viganja: usishike wembe

Usizikate, ndugu yangu. Umeuliza kama uondoe kwa wembe sugu zinazochanika unapojivuta juu kwenye chuma cha mazoezi. Sugu yenyewe ni kinga. Shida ni ile iliyotuna, maana ngozi yake hukunjwa na kung'oka. Baada ya kuoga, ikiwa laini, isugue taratibu kwa jiwe la kusugulia miguu mpaka ilingane na ngozi ya pembeni, usiimalize. Usiku paka mafuta.

Halafu chunguza unavyoshika. Chuma kikikaa katikati ya kiganja, ngozi huvutwa kuelekea vidoleni. Kiweke karibu na mashina ya vidole. Mimi hapo ndipo nilipopona. Ngozi ikichanika, osha kwa maji na sabuni, funika, pumzika hadi ipone. Kama una kisukari, mwone daktari kwanza.