Programu ya tarehe ikikugomea, ipime kwa Uhuru na Muungano

Wadogo zangu mnaofanya chalenji za kuandika programu za kuhesabu siku kati ya tarehe mbili na kutaja siku ya wiki, hasa nyie wa hapa Kigoma, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, mnaonitumia skrinishoti usiku mkiuliza "kaka mbona jibu linapishana kwa siku moja", hii ni yenu.

Kwanza acheni kuongeza moja na kutoa moja ovyo mpaka jibu likubali. Inaniuma kweli nikiiona, maana testi ya kwanza inapita halafu ya mbele inakataa na hapo hujui tena ulichogusa ni kipi. Tafuta tarehe mbili unazozijua kichwani. Mi natumia Uhuru, 9 Desemba 1961, ilikuwa Jumamosi, na Muungano, 26 Aprili 1964, Jumapili. Kutoka ya kwanza mpaka ya pili ni siku 869, na usiniamini tu, shika karatasi uhesabu mwenyewe (huku umeme ukikatika kazi inaendelea): mpaka 9 Desemba 1963 ni 730, kisha 22 za Desemba, 31 za Januari, 29 za Februari, 31 za Machi na 26 za Aprili. Gawa 869 kwa 7 inabaki 1, Jumamosi ongeza moja unapata Jumapili, imekaa.

Sasa iulize programu yako. Ikisema 868 imeruka 29 Februari 1964, na siku itatoka Jumamosi. Ikisema 870 imehesabu siku ya kuanzia na ya kuishia zote mbili, hapo rudi usome swali upya kabla hujafuta kitu maana kuna maswali yanataka hivyohivyo.

Mwaka mrefu nao, wengi mnaishia kwenye kugawanyika kwa 4. Haitoshi. Miaka ya mamia lazima igawanyike kwa 400, ndo maana 2000 ulikuwa na siku 366 ila 1900 haukuwa nazo na 2100 hautakuwa nazo. Lile swali la Project Euler (tovuti ya mafumbo ya hesabu na programu) la kuhesabu Jumapili zinazoangukia tarehe moja linanasa watu hapahapa, wanakwambia 1 Januari 1900 ni Jumatatu lakini kuhesabu kunaanza 1901, sasa ukiupa 1900 siku 366 basi 1901 unaanza Jumatano badala ya Jumanne na karne nzima inapinda.

Kuhama lugha ya programu pia angalia. JavaScript Januari ni 0 na Jumapili ni 0, Python weekday() Jumatatu ndo 0. Na ukirudi nyuma kwenye siku za wiki, -1 % 7 (baki ya -1 ukigawa kwa 7) kwenye Python ni 6 ila kwenye C, Java na JavaScript ni -1, kwa hiyo ongeza 7 kisha chukua baki tena.

Halafu kuna hii inayotupata sisi wa saa za +3, yaani tulio saa tatu mbele ya UTC, ile saa ya kimataifa. Kwenye JavaScript andika new Date(2024, 2, 1), yaani 1 Machi, kwenye laptopu yako halafu itoe kwa toISOString(), inayoandika saa kwa UTC, utaona 29 Februari saa 21:00, wakati seva iliyosetiwa UTC inatoa 1 Machi vizuri tu. Hesabu yako haina kosa hapo, ni saa tu. Na kugawa milisekunde zilizo kati ya tarehe mbili kwa 86400000 (milisekunde za siku moja) hapa Tanzania kutakupa jibu sahihi kila siku kwa kuwa hatusogezi saa, ila Ulaya kuna siku ya saa 23 na ya saa 25, kwa hiyo tengeneza tarehe zote mbili kwa Date.UTC ndo utoe na kugawa.