Mnaoanza utafiti wa zabibu Dodoma, kabla hujaandika andiko la kuombea hela soma hapa

Wadogo zangu mnaotoka SUA na UDOM na vyeti vya moto moto mkapangiwa zabibu, karibuni sana, ila kuna kitu mi nilikijua nikiwa nimeshapoteza msimu mzima na hela za watu, bora nyie mkijue mapema.

Andiko langu la kwanza lilikuwa la ubwiri chini, ule ugonjwa unaopenda majani yaliyolowa. Kwenye karatasi limenyooka, mfadhili kalipenda, tumesaini, nikajisemea hapa nimetoka. Hela ikaingia mwezi wa tano. Sasa Dodoma mwezi wa tano mvua ya wapi? Zetu zinaanza Disemba hivi, Aprili zimekata. Naingia shambani Hombolo na gari tenki limejaa, vijana wawili wa kuhesabu majani, fomu zimepigwa kopi, nakuta vumbi. Ubwiri unga upo kidogo maana ule hata ukavu unauvumilia, lakini ule wa kwenye andiko hakuna hata wa kuonjea. Mzee mwenye shamba akaniangalia akasema, "Mjukuu wangu, mgonjwa alishapona, we ndo unafika na sindano?" Nilicheka ila usiku sikulala.

Kwa hiyo jambo la kwanza jueni saa ya mzabibu na saa ya hela haziendi pamoja. Mahindi ukikosea mwaka huu mwakani unapanda tena, mzabibu unakupa zao la kueleweka mwaka wa pili kwenda wa tatu na ukitunzwa unakaa shambani miaka ishirini na zaidi, wakati wafadhili wengi wanatoa miaka miwili, wakijitahidi sana mitatu. Ukiandika kwamba unapanda aina mpya kutoka mche uzilinganishe na aina zilizozoeleka huku kama Makutupora Red au Chenin Blanc, mradi unafungwa mmea ndo kwanza unaonyesha vichala. Nimeona hiyo zaidi ya mara moja, ripoti ya mwisho inajaa picha za miche tu. Tafuta mashamba ambayo tayari yanazaa, ongea na wenyewe, na kabla ya hapo pita TARI Makutupora, kituo cha serikali cha utafiti wa zabibu, uulize nini kilishafanyika maana aibu ya kurudia kazi ya mtu ni kubwa. Alafu tuna bahati moja ambayo Ulaya hawana, huku ukipogoa kwa mpango unavuna mara mbili kwa mwaka, yani mradi wa miaka miwili unakupa mavuno manne. Ila usije ukayajumlisha kama kitu kimoja, ya kipindi cha mvua na ya kiangazi ni zabibu mbili tofauti kabisa kwa sukari na kwa magonjwa.

Sasa kwenye vipaumbele. Tuliwahi kuita kikao, ukumbi, maji ya chupa, posho, tukauliza wakulima mnataka tutafiti nini. Wakasema mbegu bora, dawa, mafunzo. Tukaandika, tukapiga picha. Wale wazee sio wajinga, walishajua tunapenda kusikia nini.

Msimu uliofuata nikakaa siku nzima mahali pa kupokelea zabibu. Mama mmoja kakaa juu ya kreti zake tangu alfajiri, zamu yake inafika, mnunuzi anakamua punje kwenye kipima sukari, anatikisa kichwa, sukari haijafika kiwango. Mama anabisha, juzi shambani bwana shamba alipima ikafika! Saa nane mchana vichala vimeanza kulainika, kaja jamaa anayekamua mchuzi wa zabibu (juisi ya kutengenezea mvinyo) kachukua zote kwa bei aliyotaja yeye. Mama akanigeukia, "We msomi, sukari yangu imepotelea wapi?"

Hilo ndo swali la utafiti, na kule ukumbini hakuna aliyelisema. Zabibu ikishakatwa haiivi tena kama ndizi, kwa hiyo jibu liko shambani au kwenye upimaji wenyewe. Tulipofuatilia tukakuta bwana shamba alichuma punje za upande wa jua tu, ambazo ndo tamu zaidi, na mama alinyweshea maji siku chache kabla ya kuvuna ili kilo ziongezeke, sukari ikazimuliwa. Kazi nzima ilikuwa kipima sukari kimoja, daftari na nauli, na mpaka leo ndo kazi yangu ambayo wakulima wanaitaja, ile ya ubwiri hakuna anayeikumbuka.

Nani alipe ni habari nyingine. Australia kila tani ya zabibu za mvinyo inakatwa ushuru wa utafiti, na serikali inaweka kiasi kama hicho juu yake mpaka ukomo wa asilimia 0.5 ya thamani ya mazao ya sekta. Wanaochangia wana mdomo kwenye nini kitafitiwe. California nao, mdudu anayesambaza ugonjwa wa Pierce, ule unaoua mizabibu, alipochakaza mashamba ya Temecula 1999, kufika 2001 walishaanza kujichangisha kwa thamani ya zabibu, mwisho dola 3 kwa kila dola 1,000. Kwetu hela inatoka serikalini au nje, na inakuja imeshavaa nguo zake, tabianchi, vijana, jinsia. Yaandikeni hayo maneno, mengine ni ya kweli kabisa, ila yasimeze swali la yule mama. Mi natamani siku moja wakulima wachangie wenyewe, lakini tamka neno makato kwenye kikao cha AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, uone utakavyozomewa, na siwalaumu. Kwa sasa omba mistari mitano ya mizabibu na mtu wa kumwagilia, huo nao ni mchango na mfadhili anauheshimu.

Siku hizi kila andiko langu lina mianzo miwili: hela ikifika kabla ya Novemba tunaanza na ubwiri, ikichelewa tunaanza na mavuno ya kiangazi, na bajeti zote mbili nazipiga mapema. Mara ya mwisho ilifika Februari, tukahamia ule mwanzo wa pili bila kelele, aliyelalamika ni mhasibu peke yake.