Klabu za jamii na mazingira kwenye shule za biashara: ujiunge au ni kujaza sivii tu?

Mleta uzi, umeuliza kama mtu anayeanza MBA (shahada ya uzamili ya biashara) ajiunge na hizi klabu za mambo ya jamii na mazingira au ni watu wa kupiga picha na fulana zinazofanana. Mimi nilikuwa ndani ya moja mpaka namaliza. Jiunge, ila moja tu, usisambae. Na kabla hujajaza fomu waulize viongozi: mradi wa mwaka jana uko wapi sasa hivi? Wakianza kutazamana, endelea meza ya jirani.

Halafu ujue haziko sawa hata kama mabango yao yanafanana. Oikos ilianzishwa na wanafunzi wa St. Gallen kule Uswisi mwaka 1987, wao wanakomaa sana na kinachofundishwa darasani, yaani mbona somo la fedha halitaji mazingira kabisa. Net Impact ilianza 1993 Marekani, wanafunzi wa MBA hao hao, ikiwa na jina jingine, na huko watu wengi wanatafuta ajira kwenye huu upande. Enactus (zamani SIFE, ya tangu 1975, jina lilibadilika 2012) ni ya miradi, mnakaa na jamii mnaanzisha kitu cha kuingiza kipato halafu mnaenda kushindana. Hult Prize ni mashindano moja kwa moja, kitita cha dola milioni 1 kwa mshindi, na sina ugomvi nayo, unajifunza kusimama mbele ya majaji ukajieleza kwa dakika chache, ila timu nyingi nilizoziona zilikufa wiki ile ile waliyotolewa maana kilichokuwa kimewaunganisha ni ile hela.

Kazi niliyoipenda kuliko zote haikuwa na jaji wala cheti. Tulipima chakula kinachotupwa kantini ya chuo. Glavu, mizani ya kuning'iniza, ndoo tatu, moja ya maganda na mabaki ya jikoni, moja ya kinachobaki kwenye sahani, moja ya chakula kilichoiva kikakosa mlaji, na karatasi ya kuandikia imelowa mchuzi mpaka namba hazisomeki vizuri. Wote tuliingia tukijua wa kulaumiwa ni wanafunzi wanaobakiza, tena mabango ya kuwasema yalishaanza kuchorwa. Kumbe ndoo iliyokuwa inajaa mapema ni ile ya tatu! Jiko lilikuwa linapika kwa idadi ya waliosajiliwa sio ya wanaokuja kula, na Ijumaa nusu ya watu hawapo. Mama mmoja wa jikoni akatuambia hilo analijua siku zote, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.

Sasa kumshawishi meneja. Tukampelekea maneno ya hewa ukaa na vizazi vijavyo, akawa anaitikia kwa kichwa tu huku anaangalia simu. Tukarudi na zile kilo tumezigeuza kuwa hela kwa wiki, akavuta kiti. Upishi wa Ijumaa ukapunguzwa. Hiyo ndiyo shule ya biashara bana, na kwenye usaili watu waliniuliza hicho hicho, mlipima nini, mlipimaje, nani alibadilisha uamuzi. Cheo changu kwenye klabu hakuna aliyekigusa.

Ugonjwa wa hizi klabu ni kwamba watu wanaondoka. MBA nyingi ni miaka 2, nyingine mwaka 1, kwa hiyo kiongozi anachaguliwa, anajifunza kazi, anaenda fildi, akirudi anatafuta ajira, kwisha habari, anayekuja anaanza upya na kamera mpya. Tena shirika dogo mlilolisaidia linapokea kila mwaka wanafunzi wapya wenye maswali yale yale na mfanyakazi wao mmoja anapoteza wiki nzima kuwaelekeza, huo ni mzigo sio msaada. Klabu nzuri utaijua kwa vitu vya kawaida sana, barua pepe ni ya klabu sio ya mtu, kuna folda ya mafaili inayofunguka, kuna mwalimu au mfanyakazi wa chuo anayejua habari zake, na viongozi wapya wanachaguliwa mapema wakae na wa zamani miezi kadhaa.

Kama unataka ajira upande huu, itumie klabu kujifunza hesabu za gesi zinazoongeza joto duniani, zile Scope 1, 2 na 3 za GHG Protocol (mwongozo wa kimataifa wa kuzihesabu: 1 ni mafuta mnayochoma wenyewe, 2 ni umeme mnaonunua, 3 ni mengine yote yanayotokana na shughuli zenu), ukianza na majengo ya chuo chenu. Umeme na mafuta ni rahisi, bili zipo. Scope 3 ndiyo itakutoa jasho, safari za walimu, manunuzi, kila ofisi inakuambia nenda ile nyingine. Na tangu viwango vya IFRS S1 na S2 (vya kimataifa, vya kampuni kutoa taarifa za uendelevu na tabianchi) vitoke 2023 hizi taarifa zimeanza kusogea mezani kwa wahasibu, kwa hiyo usizikimbie ukidhani ni za wanaharakati.

Cheo ukikitaka, omba uhazina. Uenyekiti unagombaniwa na utakula jioni zako zote kwa vikao, mweka hazina anaona kila mradi unakula nini na ndiye anayepigiwa simu mradi ukikwama.