Kanuni za ekipe ya besiboli shuleni: anza na mkono wa mrushaji

Mwalimu mwenzangu wa Katuba, hapahapa Lubumbashi, jambo sana. Umesema mfadhili amewaletea magongo mawili, glavu saba na kaske (kofia ngumu) mbili, na prefe, mkuu wa shule, anataka karatasi moja ya kanuni na ratiba ya msimu kabla masomo hayajaanza Septemba. Wewe umekwama kwa sababu kitabu cha kanuni ulichopewa ni kinene kama Biblia. Mimi nafundisha upande wa Ruashi na huu ni msimu wangu wa nne na besiboli. Nitakueleza tulivyofanya, pamoja na pale tulipoharibu.

Kile kitabu kiweke kando kwanza. Mwaka wangu wa kwanza niliandika kurasa tatu: straiki tatu (rusho ambalo mpigaji amelikosa, au zuri aliloliacha) ni auti, yaani ametoka; boli nne (rusho baya asilolipiga) mpigaji anatembea hadi besi ya kwanza, kituo cha kwanza cha mkimbiaji; auti tatu mnabadilishana. Yote sahihi, na yote watoto waliyashika ndani ya juma moja bila kusoma hata mstari. Kitu ambacho hawawezi kukijua wenyewe, na ambacho sikukiandika, ni kwamba mkono wa mrushaji una hesabu yake.

Tulikuwa na kijana wa miaka 15 anayetumia mkono wa kushoto. Akirusha, wapigaji wa shule jirani walikuwa wanapiga upepo. Alirusha Alhamisi mchezo mzima, akarusha Jumamosi mchezo mzima, Alhamisi iliyofuata nikampanga tena. Kila nikimuuliza: "Miye niko muzima, mwalimu." Kijana gani wa miaka 15 atakujibu vingine mbele ya wenzake? Siku mbili baadaye mama yake alikuja shuleni bila kelele, akaniambia mtoto hawezi kuinua ndoo ya maji, kiwiko kimevimba. Hakurusha tena msimu ule. Mama yule hakunitukana, na pengine ingekuwa afadhali angenitukana.

Baada ya pale ndipo nilipotafuta wenzetu wa Marekani wanafanyaje, maana mchezo ni wao. Nikakuta ligi za watoto za huko, zile za Little League, zina kikomo cha marusho kwa siku kulingana na umri: miaka 9 na 10 ni marusho 75, miaka 11 na 12 ni 85, miaka 13 hadi 16 ni 95, miaka 17 na 18 ni 105. Tena kuna siku za kupumzika. Kwa miaka 15 na kuendelea, aliyerusha mara 31 hadi 45 anapumzika siku moja, 46 hadi 60 siku mbili, 61 hadi 75 siku tatu, 76 na zaidi siku nne. Aliye na miaka 14 au chini anabanwa zaidi: marusho 21 tu yanamdai siku moja, na akifika 66 ni siku nne. Shule za sekondari za huko nazo, tangu msimu wa 2017, kila jimbo linatakiwa kuwa na kikomo chake cha marusho. Basi hesabu ya kijana wangu ilikuwa imepasuka toka Jumamosi ile ya kwanza.

Sisi tumeshusha zaidi. Watoto wetu hawajakua wakirusha mpira, wamekua wakipiga mpira kwa miguu, mabega yao bado ni mageni. Mwaka wa kwanza mtu asipite marusho 50, awe na miaka 12 au 18. Kikomo kikimkuta katikati ya mpigaji, amalize na huyo mpigaji kisha atoke. Na mrushaji aliyetoka akiwa na marusho mengi usimweke kuwa mdakaji nyuma ya mpigaji siku hiyohiyo, maana mdakaji naye anarudisha mpira kila mara, na mkono haujui kama hilo ni rusho la hesabu au la bure. Little League wanalikataza hilo kuanzia marusho 41.

Utauliza nani anahesabu. Usihesabu wewe, wewe una macho kwenye mchezo na moyo kwenye ushindi. Kwetu ni msichana wa mwaka wa tatu mwenye daftari na kalamu, anapiga mstari mmoja kwa kila rusho na kufunga kwa matano. Wageni wanaleta wa kwao. Kila nusu ya zamu ikiisha, yaani ekipe moja ikimaliza kupiga, wawili wanalinganisha. Wakitofautiana, tunashika namba kubwa. Msichana huyo akisimama na kuinua daftari, mrushaji anatoka hata kama tumebakiza auti moja kushinda. Imetokea, na tulishindwa mchezo ule. Wachezaji walinuna hadi Jumatatu.

Hakikisha umri kwa karatasi ya kuzaliwa, usiangalie kalasi. Unajua kwetu, kalasi moja utakuta wa miaka 13 na wa miaka 17 wamekalia dawati moja.

Sasa masomo. Prefe wako atakuuliza hili kabla ya lingine lolote, na wazazi nao hivyohivyo. Kwetu mchezaji anatakiwa apate 50 kwa mia, ileile ya kupita. Tunaangalia buletini (karatasi ya alama) kila kipindi. Shule nyingine inamfukuza mara moja aliyeshuka, mimi nimekataa. Mtoto uliyemfukuza kwenye ekipe haendi kusoma, anaenda kuzurura sokoni. Aliyeshuka anakuja mazoezini kama kawaida ila siku ya mchezo havai jezi, anakaa na daftari la matokeo na kuandika kila kitu kinachotokea. Asipopanda kipindi kinachofuata, hapo tunaagana. Wa mwaka wa sita tunawaachia mwisho wa Aprili kwa ajili ya mtihani wa Serikali, hata kama ndiye nahodha. Hilo halina mjadala, na liandike kwa herufi kubwa.

Mkutano wa wazazi ufanye mapema, na kila mmoja atie sahihi. Kwetu baba mmoja alisimama: "Mutoto yangu nilimutuma ku masomo, hapana ku kutupa majiwe." Watu wakacheka. Nikamweleza kwamba mwaka 2012 watoto wa Lugazi, hapo Uganda tu, walifika Williamsport kule Pennsylvania, ekipe ya kwanza ya Afrika kwenye mashindano ya dunia ya Little League. Akafikiri kidogo, akasema sawa, lakini mtoto aanze kumletea yeye buletini. Akatia sahihi.

Ratiba ndiyo ilinipa shida kuliko yote, kwa sababu Lubumbashi haiendani na kalenda ya vitabu. Huko kwao wanacheza kuanzia majira ya kuchipua. Hapa mvua inashika Novemba mpaka Machi, na tereni (uwanja) ya udongo mwekundu ikilowa unaweza kufinyanga vyungu juu yake. Juni ni mitihani. Zimebaki nafasi mbili: Septemba na Oktoba, halafu baada ya likizo ya Pasaka hadi mwisho wa Mei. Sisi Septemba ni kuandikisha na kufundisha, Oktoba michezo minne ya kujipima, na mashindano yenyewe ni baada ya Pasaka, mchezo mmoja kwa juma. Si miwili. Ukiweka miwili utahitaji warushaji wanne, nawe hutakuwa nao. Oktoba jua ni kali na vumbi linaingia hadi kwenye meno, kwa hiyo kila ekipe ilete bidoni yake ya maji, hakuna maji hakuna mchezo.

Siku gani? Jumamosi asubuhi wengine wana masomo, kwa hiyo tulipobaki na mchezo mmoja kwa juma tuliuweka Jumamosi saa nane mchana. Baadaye nikagundua wadakaji wangu wawili ni Waadventista, ambao Jumamosi ni siku yao ya ibada, na walikuwa wanatoa visingizio vya kuumwa kwa aibu ya kuniambia. Tukahamia Alhamisi. Uliza dini za watoto kabla hujapanga, itakuokoa.

Kuna siku mvua ya Oktoba inakuja bila kupiga hodi. Ngurumo ikisikika, wote ndani ya kalasi, si chini ya mti, na magongo ya chuma yanaachwa pale yalipo. Mnarudi dakika 30 zikipita tangu ngurumo ya mwisho. Ikinguruma tena, mnaanza kuhesabu upya. Hii nayo ni kanuni ya shule za Marekani, na katika mji huu wa radi ina maana kuliko hata huko.

Urefu wa mchezo. Wakubwa wa kulipwa wanacheza zamu 9, sekondari za Marekani 7, watoto wa Little League 6. Sisi 5, au saa moja na dakika 45, hapo hamuanzi zamu mpya. Giza la saa kumi na mbili halikuulizi matokeo, na taa za tereni hatuna. Pia weka kanuni ya huruma: ekipe ikitanguliwa pointi 10 baada ya zamu 4, mchezo umeisha, mnapeana mikono. Mwaka wa kwanza tulifungwa 31 kwa 2, mrushaji wetu akitembeza watu besi kwa besi huku watazamaji wakiondoka mmoja mmoja kwenda kula bukari.

Vipimo vya tereni: vile kamili ni mita 27.43 kati ya besi na besi, na mita 18.44 kutoka kwa mrushaji hadi nyumbani, pale anaposimama mpigaji. Usivishike mwaka wa kwanza. Watoto hawafikishi mpira, kila kitu kinakuwa boli, na mchezo unalala. Kuna vipimo vya kati, mita 21.34 na mita 15.24, hata wenye miaka 17 wanavifurahia. Ili mraba usipinde, pima kutoka nyumbani hadi besi ya pili: lazima iwe mita 30.18. Mwalimu wetu wa hesabu alileta kalasi nzima na kamba yenye mafundo, akafundishia Pythagoras palepale. Nadhani ndiyo siku pekee walimpigia makofi.

Halafu kanuni za pale mahali penyewe. Usidharau, ndizo zinazoleta ngumi. Tereni yetu ina mwembe upande wa kushoto na kichuguu kikubwa nyuma ya besi ya kwanza. Mpira ukiingia kwenye mwembe usishuke, ni nini? Tulibishana dakika 20, kila upande unapiga kelele "Banatuibia!" Kitabu kinasema mpira uliodunda ukatoka nje ya uwanja unampa mpigaji besi mbili. Tukachukua hiyo: mwembe ni besi mbili, kichuguu ni besi mbili, mbuzi akiugusa rusho linarudiwa. Kabla ya kila mchezo mwamuzi na manahodha wawili wanazunguka tereni kwa miguu wakivitaja hivi vyote. Anayeruhusiwa kuzungumza na mwamuzi baada ya hapo ni nahodha na mwalimu tu.

Kaske ni mbili mnazo? Hazitoshi. Mpigaji anahitaji moja na kila mkimbiaji yake, besi zikijaa mnahitaji nne. Mpaka mpate nyingine mbili, msitumie mpira mgumu kwenye mechi. Hapa sitanii nawe.

Na hapo ndipo nakushauri kitu ambacho ningependa mtu aniambie miaka ile. Miezi ya mvua, na hata msimu wenu wa kwanza wote ukitaka, chezeni Baseball5. Ni mchezo wa shirikisho lilelile la besiboli la dunia, wachezaji watano kwa watano, zamu tano, mpira wa raba unaupiga kwa kiganja au ngumi, hakuna gongo wala glavu. Kati ya besi na besi ni mita 13 tu, ua wa saruji wa shule unatosha. Ukiupiga ukavuka mpaka bila kudunda ni auti, kwa hiyo vioo vya ofisi ya prefe vitabaki salama. Wasichana na wavulana wanacheza pamoja, na kwenye mashindano ya mchanganyiko lazima wawepo angalau wawili wa kila jinsia uwanjani. Umepangwa pia kwenye Olimpiki ya vijana ya Dakar 2026. Yule msichana wa daftari ameanzia humo, sasa anacheza besi ya pili na kuhesabu amemwachia mdogo wake.

Umeuliza pia magongo na mipira ikiisha mtafanyaje. Gongo letu la kwanza la hapa tulimchongesha seremala kwa mti wa mulombwa, likapasuka siku ya pili kwa sababu alikata mbao kinyume cha nyuzi zake. La pili nyuzi zilikwenda moja kwa moja kutoka mshikio hadi kichwa, bado lipo. Mipira iliyofumuka usitupe, peleka kwa fundi viatu. Mwambie tu mapema kwamba mpira mmoja una mishono pacha 108. Wa kwetu alikaa chini akaihesabu yote, ndipo akataja bei.