Kizulu na Kiserbia: majibu kwa anayetaka kuanza

Je, lugha hizi mbili zina undugu wowote?

Hazina. Kizulu ni lugha ya Kibantu na ni moja ya lugha rasmi 12 za Afrika Kusini. Kitovu chake ni KwaZulu-Natal. Kiserbia ni lugha ya Kislavoni cha kusini. Undugu ulio wazi ni wa Kizulu na Kiswahili: *abantu, amanzi, inyama, inyoka, indlovu* havihitaji kamusi. Hata hivyo, Kiserbia nacho kina maneno utakayoyatambua, kwa sababu karne za utawala wa Waosmani zilipeleka maneno ya Kiarabu na Kiajemi hadi Balkani kupitia Kituruki: *sat, sapun, šećer, sanduk, dućan*. Ndiyo saa, sabuni, sukari, sanduku na duka.

Mimi ni Mswahili. Ipi itanichosha zaidi?

Kiserbia, bila shaka. Kizulu kina ngeli kama zetu na upatanisho wake unakwenda kwa mtindo uleule: *Umfana omncane uyagijima*, mvulana mdogo anakimbia, wakiwa wengi, *Abafana abancane bayagijima*. Hata ukanushi umeishia kwa -i kama wetu: *angifundi*, sisomi.

Ila ukaribu huu una mitego. Nafsi ya kwanza ni *ngi-*. Ukisema *niyahamba* ukidhani umesema "ninakwenda", umewaambia wenzako "mnakwenda", maana *ni-* ya Kizulu ni ya "ninyi". Mtego wa pili ni *-ya-*, ambayo wengi wetu huichukua kuwa ni *-na-*. Siyo. Hutumika kitenzi kinapomaliza kauli: *Ngiyafunda*. Kikifuatwa na yambwa yake (kinachotendwa), *-ya-* huondoka: *Ngifunda isiZulu*.

Vidoko vya Kizulu nivifanyie mazoezi vipi?

Vidoko, yaani sauti za kugongesha ulimi, viko vitatu vya msingi. Kwa *c*, bandika ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu ya mbele, kisha uivute kwa ndani, kama mtu anayesikitika. Kwa *q*, ncha inabanwa juu zaidi, kwenye kaakaa, kisha inaachiwa ghafla. Mlio wake ni mzito na wa wazi. Kwa *x*, ncha inabaki imeshika mahali pake, na hewa inaingia kwa ubavu wa ulimi, karibu na magego.

Usianze na maneno. Anza na *ca, ce, ci, co, cu*, kisha *qa* na *xa* hivyohivyo, mpaka kidoko na irabu vitoke pamoja. Makosa makubwa ni mawili: kutia *k* mbele ya kidoko, na kunyamaza kidogo kabla ya irabu. Yote mawili hutokana na haraka. Baada ya hapo ingia kwenye *icici* (hereni), *iqanda* (yai) na *ixoxo* (chura), halafu sentensi utakayoitumia kila siku: *Ngicela amanzi*, naomba maji. Vidoko vyenye *h*, *g* au *n* (*ch, gq, nx*) vije baadaye.

Nikisoma maandishi, herufi zipi zitanidanganya?

Katika Kizulu, *th* siyo ile ya "thelathini"; ni *t* yenye pumzi. *Ph* ni *p* yenye pumzi, kamwe siyo *f*, na *kh* siyo ile ya "Alkhamisi". Katika Kiserbia, *j* ni *y* yetu, *c* ni *ts*, *š* ni *sh*. Irabu ni nyepesi: lugha zote mbili zina tano kama sisi. Kinachotaabisha Kiserbia ni maneno yasiyo na irabu, kama *prst* (kidole) na *krv* (damu); hapo *r* ndiyo inayobeba silabi, basi itetemeshe vizuri.

Nasikia Kiserbia kina maumbo saba ya nomino. Yana kazi gani?

Sisi tunasema "naenda shuleni" na "niko shuleni" bila kubadili nomino. Kizulu nacho: *Ngiya esikoleni, ngisesikoleni*. Mserbia hubadili mwisho: *Idem u školu* kwa kwenda, *Ja sam u školi* kwa kuwapo. Wanaoanza husema *Idem u školi*, na kosa hili ndilo la kulipiga vita mapema. Usikariri jedwali zima. Jifunze umbo la mtenda kwanza, kisha la mtendwa, kisha la mahali, kila moja ndani ya sentensi fupi. Na kila nomino ikaririwe pamoja na kivumishi, kwa kuwa jinsia tatu za nomino (kiume, kike na kati) huonekana mwishoni: *veliki grad, velika kuća, veliko selo*, mji mkubwa, nyumba kubwa, kijiji kikubwa.

Hesabu nazo zina sheria yake: *jedan grad, dva grada, pet gradova*. Mbili, tatu na nne huchukua umbo moja, tano na kuendelea jingine, na ukifika 21 unarudi kwenye umoja: *dvadeset jedan grad*.

Toni zina uzito gani?

Lugha zote mbili zinazo, na zote mbili haziziandiki. Kwa Kizulu *inyanga* ni mwezi au mganga, kutegemea toni. Kwa Kiserbia urefu wa irabu nao una uzito: *grad* yenye irabu ndefu ni mji, yenye irabu fupi ni mvua ya mawe. Kwa hiyo kila neno jipya lisikilize kabla ya kulisoma. Mkazo wa Kiserbia sanifu hauangukii silabi ya mwisho. Neno la silabi mbili liwekee mkazo kwenye ya kwanza.

Nianze na alfabeti ya Kisirili au ya Kilatini?

Zote, lakini Kisirili kwanza. Zina herufi 30 kila moja na zinalingana moja kwa moja, ila katika Kilatini *lj, nj* na *dž* huhesabiwa kuwa herufi moja moja. Kisirili ndicho kinachotumika kwenye shughuli za serikali. Anza na zinazofanana na zetu kwa sura tu: В ni *v*, Н ni *n*, Р ni *r*, С ni *s*, Х ni *h*, У ni *u*. Ukiweza kusoma РЕСТОРАН kuwa *restoran* bila kusita, nenda kwenye Ђ, Ћ, Љ, Њ na Џ.