Re: Naweza kuomba ufadhili wa kumbukumbu ya marehemu nisiyemjua?

Waalaikum salaam, mdogo wangu. Omba. Kuwa wewe ni wa Matondoni, Lamu, na marehemu si wa ukoo wenu hakukuzuii. Fedha za ufadhili wa masomo kama huu kwa kawaida familia hutenga ili jina la mtu wao lisipotee. Kwetu Waislamu tungeziita sadaka jariya, yaani sadaka inayoendelea kumpa marehemu thawabu. Anayetafutwa ni mwanafunzi mwenye shida, si jamaa. Ila soma marehemu alikuwa nani: kama alikuwa nesi, pengine masharti yanataka wanaosomea unesi tu.

Kwenye barua ndiko tunakoanguka. Mimi mara ya kwanza niliandika "natoka familia maskini", basi. Nikanyimwa. Mara ya pili nikaeleza mama anavyoamka saa tisa usiku kukanda unga wa mahamri, anauza mangapi, na karo imebaki ngapi. Nikapata. Wewe umesema baba ni mvuvi: eleza kusi, upepo mkali wa msimu, ikivuma Juni na Julai mashua inavyokaa pwani siku nyingi, na chuo hakisubiri upepo ugeuke kuwa kaskazi.

Barua ya chifu nenda kaichukue mapema, usingoje siku ya mwisho (wajua mambo ya ofisi). Ambatisha taarifa ya karo inayoonyesha deni. Ukiambiwa utume pesa ya fomu kwa simu, kimbia.

Na usiache HELB (bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu) wala basari ya NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge) ukingoja ufadhili huu. HELB ni mkopo, riba asilimia 4 kwa mwaka, basari hairudishwi. Ufadhili wa kumbukumbu mara nyingi huziba pengo tu, kwa hiyo uliza kama ni wa mwaka mmoja au hadi umalize.